Tumbo la Mama Mkwe

Kata ya Busawe, watu wakifiwa au wakioa, kuna majina mawili yanayotajwa kabla ya mengine yote. La kwanza ni la Mungu. La pili ni la Wegesa, mke wa mzee Heche, kwa sababu wageni huletwa na Mungu lakini ugali wao husongwa na Wegesa.

Na msomaji asidhani huu ni ugali wa kubembelezana. Obokima, kama wenyewe wanavyouita, ni wa unga wa muhogo na mtama, mweusi kidogo, mgumu, ukikata tonge linasimama likikungoja ulichovye kwenye mchuzi. Kuusonga wa watoto nyumbani ni kazi. Kuusonga wa msiba mzima, katika sufuria ambalo mtu mzima anaweza kuogea, ni vita, na katika vita hiyo Wegesa hakuwahi kushindwa. Alikuwa na mwiko wake, mrefu kama mpini wa jembe, aliochongewa na baba yake mwaka alioolewa. Hakumwazima mtu. Ulikaa juu ya dari la jiko, na siku ukishushwa majirani walijua kuna shughuli. Alitanua miguu, akauzamisha, akaulalia kwa mwili wake wote huku akiimba na kuwatania waliopo, mpaka unga ukasalimu amri. Wanawake wawili walilishikilia sufuria kwa miti lisiteleze mafigani, nao walitoka jasho kuliko yeye.

Basi mwanamke huyu ndiye aliyepata tumbo.

Halikuwa tumbo la kuhara wala la kutapika. Chakula kiliingia vizuri na kutoka vizuri. Lilikuwa ni chomo tu, kali, kama mtu amemchoma na mwiba wa mgunga kisha akauacha ndani. Lilianza baada ya mavuno ya mtama, likaja na kuondoka, baadaye likazoea nyumba likakaa. Akiinuka kitandani, linachoma. Akikohoa, linachoma. Kibaya zaidi, akicheka linachoma, na Wegesa alikuwa mtu wa kucheka tangu kuzaliwa. Ikabidi ajifunze kucheka kwa pua, mkono umeshika tumbo, na watu wakaanza kudhani ameingiwa na maringo.

Washauri hawakukosekana. Huku kwetu mtu anaweza kukosa chumvi lakini hawezi kukosa wa kumwambia ugonjwa wake. Heche alisema ni maziwa, kwamba mkewe ameacha maziwa ya kugandisha ya kwenye kibuyu na kujizoesha chai ya mjini. Akarudi kwenye kibuyu, tumbo likabaki pale pale. Watu wa kanisani wakaja kumwombea, na kweli tumbo lilinyamaza kwa muda wote wa sala, likarudi walipokuwa wanaagana. Ghati, jirani yake, alisema ni chango. Akachimba mizizi, akaichemsha, ikatoa maji machungu kiasi kwamba mbuzi aliyeonja makapi yake alimkwepa Ghati tangu siku hiyo.

Huyu Ghati inabidi aelezwe kidogo. Aliletwa kijijini kuolewa mwaka mmoja na Wegesa, wakalea pamoja, wakalima pamoja, wakataniana mpaka wakazeeka. Kwenye sufuria yeye ndiye aliyekuwa wa pili. Yaani Wegesa akisonga, Ghati anashikilia. Alikuwa ameutazama ule mwiko miaka yote jinsi mrithi anavyomtazama mfalme mwenye afya njema, na wala hakuficha.

"Siku ukichoka uniambie," alikuwa akimwambia.

"Siku nikichoka utasikia kengele ya kanisa," Wegesa alikuwa akimjibu, na wote wanacheka.

Sasa mtu angeuliza, kwani kijiji hakina zahanati? Kinayo, na nzuri, na tabibu wake ni kijana mpole anayeitwa Joel, mzaliwa wa Genkuru. Taabu yote ilikuwa hapo. Joel alikuwa amemuoa Elieth, binti mkubwa wa Wegesa. Wakati anamuoa alikuwa akifanya kazi mbali. Baadaye serikali, ambayo haina habari na mambo ya ukwe, ikamhamisha na kumleta nyumbani kwa mama mkwe wake.

Kwa Wakurya, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono. Wakikutana njiani mmoja anapisha, na maneno yao hupitia kwa mtu mwingine. Wegesa alimpenda Joel kuliko baadhi ya watoto wake, na ndiyo maana alimkwepa kwa bidii. Joel naye, kwa jinsi alivyomheshimu, alikuwa hajawahi kumwangalia usoni tangu siku ya mahari. Kwa hiyo Wegesa alipokwenda zahanati alimchukua Elieth, wakaingia, na matibabu yakaanza.

"Mwambie mama shikamoo," Joel alimwambia Elieth, akiangalia dirisha.

"Mwambie marahaba," Wegesa alimwambia Elieth, akiangalia mlango.

"Mwulize mama, tumbo linamuuma wapi?"

"Mama, anauliza wapi."

"Si nimesema ni tumboni?"

"Anasema tumboni."

"Upande gani?"

Wegesa akajifunika kanga vizuri zaidi. Kuonyesha upande ni kuonyesha tumbo, na kuonyesha tumbo mbele ya mkwe ni habari ya kusimuliwa mpaka Tarime. "Mwambie ni lote," alisema.

"Anasema ni lote."

Joel alikuna kichwa. "Basi mwulize... choo chake kikoje?"

Elieth alimtazama mume wake kama mtu aliyetukaniwa mama, na kwa kweli hakuwa mbali. "Hilo mwulize mwenyewe."

Hakuna aliyeuliza. Joel alitoa dawa za minyoo, akashukuru, akashukuriwa, na wote wakapumua.

Alikuwapo muuguzi, Nice, ambaye angeweza kumlaza mama wa watu kitandani na kumbonyeza tumbo kama inavyotakiwa. Joel alilipendekeza jambo hilo mara kwa mara, kwa kupitia kwa Elieth. Lakini Nice alikuwa binti wa Ghati. Wegesa aliona kabisa jinsi habari itakavyosafiri kutoka kitanda cha zahanati mpaka jiko la Ghati, na kutoka jiko la Ghati mpaka kwenye mwiko. Akakataa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga wamesema, lakini wahenga hawakuwa na Ghati kwa jirani.

Akaenda mjini kwenye maabara za watu binafsi, na kila maabara ilimpa ugonjwa wake. Ya kwanza ilimpa taifodi. Ya pili ikasema taifodi haipo, ila kuna amiba. Ya tatu, iliyo karibu na stendi, ilimpa vidonda vya tumbo pamoja na UTI, kana kwamba vinauzwa kwa jumla. Alikunywa dawa zote kwa uaminifu. Alikuwa na mfuko wa vidonge uliojaa kuliko mfuko wa mbegu, na mkojo wake ulibadilika rangi mpaka akazoea kutoshangaa. Tumbo halikubadilika.

Mwishowe akapelekwa kwenye mashine ya utrasaundi. Kijana wa mashine alimpaka mafuta ya baridi, akamtembezea kidude tumboni akiwa ametazama kioo, hakumtazama yeye hata kidogo. Akafuta mafuta.

"Kila kitu kiko sawa, bibi. Hakuna kitu."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna kitu kabisa."

Wegesa alirudi na hakuna kitu yake, nayo ikamchoma njia nzima, hasa kwenye makorongo.

Heche alifurahi. "Si unaona? Mashine ya umeme imesema huumwi."

"Basi iambie mashine ije isonge ugali," alijibu mkewe.

Lakini ndani ya moyo hakuwa na utani. Alikuwa na dada, Rhobi, aliyeanza kuumwa hivi hivi, tumbo lisilo na jina. Walipotaja neno uvimbe, Rhobi alikuwa ameshakuwa mwepesi wa kubebwa kwa mkono mmoja. Wegesa alimwosha kwa mikono yake. Kwa hiyo aliposikia hakuna kitu, hakuamini kwamba hakuna kitu. Aliamini wamekiona. Wataalamu wakiona jambo baya, alijiambia, humdanganya mgonjwa na kumwita mume pembeni. Akaanza kumchunguza Heche. Na Heche, maskini, ambaye hakuitwa pembeni na mtu yeyote, siku moja alichinja mbuzi na kumtengea mkewe ini lote, kwa upendo tu uliomjia bila sababu.

Wegesa alilitazama lile ini. Katika maisha yao yote Heche hakuwahi kugawa ini. Akajua amekwisha.

Alilila, kwa kuwa ini ni ini, lakini alilila akilia.

Na mambo yalikuwa yanakaribia. Steven, kitinda mimba wake, alikuwa anaoa. Msichana anatoka Natta, na ndugu zake wangekuja kuonja ugali wa nyumba hiyo kwa mara ya kwanza. Wegesa alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu Steven anatambaa. Alitaka kitu kimoja tu kwa Mungu, kwamba ausonge ugali wa harusi ya mwanawe wa mwisho, halafu kama ni kumfuata Rhobi, amfuate akiwa amewashibisha wakwe.

Kabla ya hapo ukatokea msiba ng'ambo ya mto, wakamwita. Alishusha mwiko, akaenda. Unga ulipoanza kukaza, lile chomo likaja, si kama siku nyingine. Mwiko ukamtoka mkononi, na Ghati akaudaka kabla haujazama, akamalizia. Ugali ukatoka na mabonge. Waombolezaji waliyala mabonge wakiyazungusha mdomoni kwa heshima ya marehemu.

Wegesa alikaa kwenye kigoda akingoja kutaniwa. Alijiandaa kabisa kwa jibu. Lakini Ghati aliuosha mwiko, akaukausha kwa kanga yake, akauleta na kumwekea magotini bila neno. Macho yake yalikuwa mekundu, na moshi ulikuwa umeelekea upande mwingine. Hapo ndipo Wegesa alipoogopa kwelikweli.

Jioni ile alimwambia Elieth kila kitu, habari za Rhobi, za ini, na kitenge ambacho angependa avishwe. Elieth alikwenda kwake moja kwa moja, akamkuta mume wake anapiga pasi koti jeupe.

"Mama yangu anakufa," alisema, "na wewe unaangalia dirisha."

Joel aliiweka pasi chini. Alikaa kitandani. "Sijamgusa," alisema. "Mgonjwa yeyote wa tumbo ninamgusa kwanza. Yeye tangu mwanzo natibu kanga." Kisha akasema kuna daktari kule mjini Mugumu, mama mmoja anaitwa Kauthar, ndiye aliyemfundisha wakati wa mafunzo. Asubuhi walipanda gari, Joel mbele kabisa, mama mkwe nyuma kabisa, na Elieth katikati akipitisha maji ya kunywa na salamu.

Daktari Kauthar alikuwa mwenyeji wa Pangani, mnene, mchangamfu, aliyekaa Mugumu mpaka akajua kuagiza obokima na kulalamika ukiwa laini. Joel alibaki nje kwenye benchi, akageukia ukuta. Elieth aliingia na mama yake. Wegesa akaanza kuutoa ule mfuko wa dawa, na daktari akausogeza pembeni.

"Hizo baadaye, mama yangu. Lala hapa. Haya, nionyeshe kwa kidole kimoja. Kimoja tu."

Wegesa alishangaa. Tangu aanze kuumwa hakuna aliyemwomba kidole. Akakishusha bila kutafuta, kulia kwa kitovu, chini kidogo, mahali padogo pa kufunikwa na kizibo cha soda.

"Hapo tu?"

"Hapo tu."

"Ulimwambia tabibu wako kwamba ni hapo?"

"Nilimwambia ni lote."

Daktari hakuuliza zaidi. Aliweka ncha ya kidole chake pale pale, akakandamiza taratibu. "Sasa inua kichwa na mabega, kama unataka kuangalia vidole vya miguu."

Wegesa aliinua, akapiga yowe hata Joel, huko nje, akasimama wima na kukaa tena kwa kukumbuka ukwe. Daktari Kauthar yeye alikuwa anatabasamu. Elieth alitaka kukasirika.

"Usinune, binti. Hii ni habari njema. Mama, ugonjwa ungekuwa ndani, ukiinua kichwa hivi nyama za tumbo zingekaza na kuukinga, maumivu yangepungua. Yako yamezidi. Maana yake hayako ndani. Yako ukutani. Watu wote hao walikuwa wanapekua chumbani kumtafuta mwizi, na mwizi kajibanza kwenye ukuta. Kuna mshipa mdogo wa fahamu unaopita hapa katikati ya nyama, nao umebanwa, umeumia. Ndiyo maana mashine haikuona kitu."

Wegesa alimkazia macho. "Si uvimbe?"

"Si uvimbe."

"Usinifiche, mwanangu. Mimi ni mtu mzima. Kama umeona kitu, usimwite mume wangu pembeni, niambie mimi."

"Nikufiche ili iwe nini? Ningeona uvimbe ningekwambia, tukaupigania. Huna uvimbe. Una mshipa uliobanwa."

Wegesa alilia. Alilia kwa sauti, bila aibu, machozi yakimwingia masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali, na alipolia tumbo likachoma, akalilaani huku analia. Daktari alimshika mkono mpaka akamaliza.

"Sasa niambie, unafanya kazi gani? Kuna kitu kinapagonga hapa."

"Mimi ni mkulima."

"Jembe halifiki hapo. Unabeba nini? Unafunga nini kiunoni?"

"Sibebi kitu. Nalima, nafuga kuku, nasonga ugali wa shughuli, basi."

"Ugali wa shughuli ukoje?"

Hapo Wegesa alisahau ugonjwa. Mtu akikuuliza kazi yako kwa kutaka kujua, utamnyima? Alishuka kitandani, akachukua ufagio wa mpini uliokuwa pembeni, akatanua miguu. "Unauzamisha hivi. Mkono huu unakaa hapa, huu hapa. Unga ukianza kukaza, mikono peke yake haiwezi, kwa hiyo kitako cha mwiko unakiweka hapa, halafu unalalia..."

Akatazama chini. Kitako cha ufagio kilikuwa kimetua kulia kwa kitovu, chini kidogo, kimekaa kama kilichozaliwa hapo.

Elieth aliziba mdomo. Daktari aliangalia ufagio, akamwangalia Wegesa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

"Mwiko wangu mwenyewe!" alisema Wegesa. "Aliochonga baba!"

Alichomwa sindano ndogo ya ganzi, pale pale penye kidole. Wakakaa wakiongea habari za muhogo wa Pangani na muhogo wa Busawe, upi una wanga. Kisha daktari akamwambia ainue kichwa. Akainua polepole, amefumba macho kabisa. Hakuna chomo. Akainua tena. Akakohoa kwa makusudi. Akamwangalia binti yake na kusema, "Elieth, hakuna kitu," na safari hii aliisema kwa furaha.

Aliambiwa maumivu yanaweza kurudi, na yakirudi aje achomwe tena, lakini asiuegemeze mwiko tumboni, la sivyo wataonana kila mwezi mpaka wachokane. Hata ugali wa harusi asiuguse, apumzishe tumbo kwanza.

"Ila niulize," daktari alisema akiandika. "Hakuna hata mmoja aliyekushika tumbo kabla yangu?"

"Nani anishike? Tabibu wetu ni mkwe wangu."

Daktari aliweka kalamu chini na kucheka mpaka mtandio ukamteleza. Elieth naye akacheka. Nje kwenye benchi, Joel alisikia kila neno, na shingo yake ikainama mpaka kidevu kikagusa shati. Walipotoka alimwambia Elieth, akiangalia mti: "Mwambie mama nilikuwa naogopa. Naomba anisamehe. Nilidhani namheshimu."

"Mwambie hata mimi niliogopa," alijibu Wegesa, akiangalia mti mwingine. "Mwambie twende nyumbani."

Siku ya harusi Wegesa alishusha mwiko na kumkabidhi Ghati kwa mikono miwili. Ghati aliupokea, akaupima uzito. "Nilidhani utanirithisha ukishakufa," alisema.

"Nimekuazima. Na ukiuweka tumboni nitakunyang'anya."

Wakacheka, na wote waliokuwa jikoni wakajua mambo yamerudi mahali pake.

Lakini ndugu wa Natta walikuja wengi mno, na njaa yao wakaja nayo. Ghati alisonga sufuria la kwanza, ugali ukatoka sawasawa bila bonge hata moja, na mikono yake ikafa. Sufuria la pili lilikuwa linatokota, uji umeshakuwa mzito, na wageni walikuwa wanaanza kunawa. Waliokuwepo walijaribu mmoja mmoja, mwiko ukawashinda. Wegesa alivumilia kwenye kigoda chake kadiri alivyoweza. Halafu akainuka, akajifunga kanga, akaunyoosha mkono.

Chini ya turubai, kwenye viti vya wakwe, Joel alikuwa amekaa na suti yake mpya. Alimwona anainuka. Hakuna aliyewahi kumwona Joel akikimbia, lakini siku hiyo alikimbia, akaruka kamba ya turubai, akavua koti na kulitupa juu ya kuni, akauchukua mwiko mbele ya mama mkwe wake.

Jiko zima lilipiga kelele. Mwanaume kwenye sufuria! Tena mkwe!

"Elieth yuko wapi?" aliuliza Joel akihema. "Amwambie mama anielekeze."

Elieth alikuwa mbali, anawanawisha wageni. Hakuna wa kupitisha maneno. Wegesa alizunguka upande wa pili wa moto, akalitazama sufuria, akaliambia:

"Sufuria, mwambie huyo kijana atanue miguu."

Joel akatanua.

"Sufuria, mwambie azamishe mpaka chini, asipapase juu juu. Mwambie Ghati anamwaga unga, asikodoe macho. Mwambie ageuze. Ageuze! Kwani kwao Genkuru hawali?"

Wanawake walikuwa wameshikana mabega kwa kucheka. Joel aligeuza, jasho likimdondoka, tai ameirushia mgongoni. Unga ukakaza. Mikono ikaanza kumshinda, na mwili, kama kila mwili unavyofanya ukizidiwa, ukajitafutia njia. Akakivuta kitako cha mwiko, akakiweka tumboni, akataka kukilalia.

Wegesa hakuliambia sufuria neno. Aliuzunguka moto kwa hatua moja, akaupiga ule mpini kwa kiganja ukatoka, na kidole chake kikatua kwenye shati la mkwe wake, kulia kwa kitovu, chini kidogo.

"Hapa hapana! Hapa ndipo paliponiuma mimi!"

Kidole kilikuwa bado kwenye shati. Joel alikitazama, kisha akainua macho, akamtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya mahari.

"Hapa, mama?"

"Hapo, Joel. Hapo hapo."

"Sasa nimepaona," alisema Joel.

Macho ya Wegesa yalijaa maji, na safari hii moshi ulikuwa upande wake, kwa hiyo hakuhitaji kujieleza. Aliondoa kidole. "Geuza, mwanangu," alisema, "unaungua."

Joel akageuza, kwa mikono na miguu, tumbo likiwa mbali na mwiko kama alivyoonyeshwa. Ugali ulitoka na mabonge, na upande mmoja ulishika moto kidogo. Watu wa Natta waliula wakaumaliza, na mzee wao mmoja aliuliza kwa sauti ni mama gani wa nyumba hii mwenye mkono wenye nguvu namna hiyo. Ghati ndiye aliyemjibu, akimwonyesha Joel aliyekuwa amekaa kwenye kigoda cha Wegesa na masizi mpaka kwenye masikio. Wegesa alicheka kwa mdomo wazi, kwa sauti ile ya zamani, mikono yake yote miwili ikiwa imebeba sahani.